Jinsi ya kutengeneza kitanda cha dabodeka cha watoto mwenyewe, mwanzo mpaka mwisho

Dabodeka likiharibika mara nyingi sio mbao iliyovunjika, ni viungo vimeachia. Mbao ya mbili kwa sita ikiwa kavu inabeba watoto wawili wanaorukaruka bila shida yoyote, shida inaanza pale mtu anapochukua ubao wa ubavuni anaugongea kwenye nguzo kwa misumari minne, alafu anategemea ile misumari ndo ibebe mzigo wote. Msumari unalegea taratibu, tundu linapanuka, kitanda kinaanza kulia kila mtoto akijigeuza, na siku moja upande mmoja unashuka. Kwa hiyo kabla hatujaingia kwenye vipimo shika hili kwanza: kwenye kitanda hiki kila ubao unaobeba mtu unakaa JUU ya ubao mwingine, na huo nao umekaa juu ya mwingine mpaka sakafuni. Bolti na skrubu kazi yake ni kushikilia tu visihame, isipokuwa sehemu moja nitakayoitaja mbele. Ukishalielewa hilo hata ukibadilisha vipimo vyangu vyote kitanda kitasimama.

Hii sio kazi ya siku moja, na sio ngumu kivile pia. Kama unajua kukata ubao ukanyooka na kutoboa tundu likaenda wima, umefuzu.

Anza na futi, usianze na msumeno

Pima godoro ulilonalo, urefu, upana na unene. Usiamini kilichoandikwa kwenye nailoni yake, magodoro yanatofautiana sentimita mbili tatu. Mimi hapa natumia godoro la sm 90 kwa 190, la chini lina unene wa sm 15 na la juu sm 10. La juu liwe jembamba kwa makusudi, nitaeleza mbele. Kwenye godoro ongeza sm 2 upana na sm 2 urefu ili shuka lipate pa kuchomekwa, kwa hiyo nafasi ya ndani inakuwa 92 kwa 192.

Alafu pima kutoka sakafuni mpaka dari. Mtoto wa juu anatakiwa akae wima bila kugonga kichwa, mpe angalau sm 90 kutoka juu ya godoro lake. Kwa vipimo vyangu godoro la juu linaishia sm 147, kwa hiyo dari iwe sm 237 kwenda juu. Kama dari yako ni fupi punguza nafasi ya katikati kidogo, usipunguze vizuizi vya juu. Na kama chumba kina pangaboi, kitanda kisikae mahali ambapo mtoto akisimama juu au akirusha mkono anaweza kulifikia. Hapo hamna mjadala, sogeza kitanda au toa pangaboi.

Kuhusu umri: Marekani wana sheria ya vitanda vya ghorofa iliyopitishwa mwaka 1999, na tahadhari inayobandikwa kwenye vitanda vyenyewe inasema mtoto chini ya miaka 6 asilale juu. Hata anayejua kupanda ngazi vizuri mchana, usiku akiamka na usingizi wake anasahau yuko juu. Sheria hiyohiyo inataka kizuizi pande zote mbili ndefu, hata ule upande wa ukutani, na watu wengi ndo hapo wanapopuuza wakisema ukuta si upo. Ukuta upo lakini kitanda kinasogea, mtoto anatumbukia kati ya godoro na ukuta anabanwa. Weka kizuizi kote.

Namba za kukumbuka ni hizi. Wamarekani wanataka kizuizi kipite juu ya godoro kwa angalau mm 127, Ulaya kiwango chao cha EN 747 kinataka mm 160. Matundu kwenye vizuizi vya juu yasizidi mm 89 kwa Marekani na mm 75 kwa Ulaya, sababu yakizidi hapo kiwiliwili cha mtoto mdogo kinapita alafu kichwa kinakwama, na hiyo ndo ajali yenyewe inayoogopwa. Mimi nafuata ile kali zaidi kila mahali, haiongezi gharama yoyote ya maana.

Mbao

Chukua mbao kavu. Mbao mbichi ukiifunga bolti leo, ikikauka inasinyaa na bolti zote zinabaki zinacheza, alafu inapinda pia. Namna rahisi ya kujua ni kubeba vipande viwili vya saizi moja na ukalinganisha uzito, mbichi ni nzito na ukiiwekea kiganja inahisi baridi na unyevu. Angalia ubao kwa urefu wake kama unalenga shabaha, uliopinda rudisha. Vifundo vidogo vilivyokaza havina neno, ila kifundo kikubwa katikati ya ubao mrefu wa ubavuni ukatae.

Mbao za zamani zilizowekewa dawa ya rangi ya kijani usitumie kwa kitanda cha mtoto, dawa nyingi za aina hiyo zilikuwa na aseniki. Na wale mnaopenda kutumia paleti (zile fremu za mbao za kubebea mizigo), tafuta mhuri: HT maana yake iliuawa wadudu kwa joto, hiyo sawa, MB ni gesi ya methyl bromide, hiyo iache. Ila kusema ukweli paleti ni nzuri kwa chaga tu (zile mbao za kulazia godoro), kwa nguzo hapana.

Mbao ya mbili kwa nne ikishapigwa randa inabaki kama sm 4.5 kwa 9, na mbili kwa sita inabaki 4.5 kwa 14. Yako ikitofautiana badilisha hesabu kabla hujakata, msumeno haurudishi. Mbao zote ziwe zimepigwa randa kwa unene mmoja, hili ni la lazima kwa muundo huu.

Orodha ya kukata, chukua karatasi:

Mbili kwa nne
- matendegu (nguzo), vipande 4 vya sm 177, na nguzo ya ngazi 1 ya sm 177
- vipande vya ndani ya nguzo: 4 vya sm 20, 4 vya sm 97, 6 vya sm 7, na 1 cha sm 32
- vizuizi: 2 vya sm 192 (nyuma) na 2 vya sm 148 (mbele)
- mbao za kichwani na miguuni: 8 za sm 110
- vipandio vya ngazi: 4 vya sm 53, hivi uvichane upana ubaki sm 6
- vibao vya kubebea vipandio: 8 vya sm 23

Mbili kwa sita
- mifumbati (zile ndefu za ubavuni): 4 za sm 192
- vitakizo (za kichwani na miguuni): 4 za sm 110

Mbili kwa mbili
- za kubebea chaga: 4 za sm 192

Moja kwa nne
- chaga: 26 za sm 91.5

Kwa jumla mbili kwa nne inakula kama mita 34, chukua 37 au 38 sababu kuna upotevu. Mbili kwa sita ni mita 12, na kama mbao unazopata ni za futi 12 basi nunua nne tu, kila moja inatoa mfumbati mmoja na kitakizo kimoja (192 + 110 = 302) na kipande kinabaki, usijaribu kutoa mifumbati miwili kwenye moja haitoshi. Mbili kwa mbili mita 8, moja kwa nne mita 24 na ziada.

Vifaa vya chuma: bolti 20 za mm 10 urefu mm 90, zile za kichwa cha duara laini, na nati na washa zake. Skrubu za sm 7.5 kama mia na hamsini, za sm 9 kama themanini, na za sm 4 kama sitini kwa ajili ya chaga. Gundi nyeupe ya mbao nusu lita. Zana: msumeno, keke ya umeme (ya mkono nayo inaweza, utatoka jasho tu), biti za mm 3 na mm 10 (ziwe ndefu za kupita sm 9 za mbao), biti bapa ya mm 28, skwea, futi, pima maji, spana namba 17, klempu mbili au zaidi na msasa.

Kitu kimoja kuhusu kukata: vipande vinavyotakiwa vilingane, kama zile nguzo nne, pima kimoja, kikate, alafu kitumie hichohicho kuchorea vingine vyote. Ukichorea cha pili kutoka cha kwanza, cha tatu kutoka cha pili, kosa linakua kila ukisogea na mwishowe nguzo ya nne ni ndefu kwa nusu sentimita.

Nguzo, hapa ndo roho ya kazi

Kila nguzo ni mbao mbili zilizoshikana. Ya nje ni nzima sm 177. Ya ndani imekatwa vipande na kati ya vipande kuna nafasi, humo ndo mfumbati utaingia na kukaa.

Laza ubao wa sm 177. Chini kabisa, usawa wa mwisho wake, gundisha kipande cha sm 20. Sasa chukua kipande kilichobaki cha mbili kwa sita, kisimamishe kwa upana wake juu ya hicho cha sm 20, na kigusishe kabisa. Hicho ndo kipimo chako, usitumie futi hapa, sababu mbao yako inaweza kuwa sm 13.8 au 14.2 na wewe unataka mfumbati uingie kwa kusukumwa na kiganja, usiwe na pengo. Baada ya hicho kipimo gundisha kile cha sm 97. Weka kipimo cha mbili kwa sita tena. Sasa uko kwenye sm 145 hivi kutoka chini.

Juu ya hapo nguzo tatu zinafanana: kipande cha sm 7, nafasi ya mbili kwa nne (tumia kipande chake kama kipimo), kipande cha sm 7 kingine, nafasi ya mbili kwa nne ya mwisho, na inaishia sawa na juu ya nguzo. Nguzo ya nne, ile ya mbele upande wa miguuni ambako ngazi itakuwa, haina vizuizi hivyo, yenyewe unaijaza kwa kipande kimoja cha sm 32. Iandikie kwa penseli NGAZI mapema, zikishachanganyika utazunguka nazo.

Kila kipande kipake gundi kote, kibane na klempu, toboa kwanza na biti ya mm 3 alafu piga skrubu za sm 7.5, mbili kwa vipande vifupi, sita au saba kwa kile kirefu, kwa zigizaga. Vile vya sm 7 vinapasuka kirahisi sana ukipiga skrubu bila kutoboa. Usiweke skrubu yoyote karibu na pale bolti zitapita. Futa gundi iliyotoka kwa kitambaa kibichi sasa hivi, ikikauka rangi haitashika hapo. Acha usiku mzima.

Fremu za kichwani na miguuni

Hizi mbili zinagundishwa moja kwa moja, hazifunguliwi tena. Mifumbati ndo itakuwa ya bolti, ili siku ukihama unatoa bolti na kitanda kinakuwa fremu mbili na fungu la mbao.

Simamisha nguzo mbili kwa ubavu sakafuni, vile vipande vya ndani vikitazamana, kutoka nje ya moja mpaka nje ya nyingine iwe sm 110. Kitakizo cha chini (mbili kwa sita) kinakaa kwa kulala juu ya ubavu wa nguzo, makali yake ya chini yakiwa sm 20 kutoka chini, yaani sambamba na mfumbati. Cha juu hivyohivyo kwenye sm 131. Alafu zile mbili kwa nne: moja kuanzia sm 41 (inazuia mto usidondoke), moja sm 122 inayogusana na kitakizo cha juu kwa chini, moja sm 152 na moja sm 168. Gundi, na skrubu za sm 9, tatu kila mwisho kwa vitakizo, mbili kwa zingine. Kwenye usawa wa mifumbati na vizuizi piga skrubu kwenye ubao wa nje tu wa nguzo, ukipiga kwa ndani itatokeza kwenye nafasi ya mfumbati.

Ile ya sm 122 wengi wataiona ya urembo. Sio urembo, ndo inayozuia kitanda kuyumba kwa upana, kwa sababu yenyewe inashika kile kipande kirefu cha ndani pia.

Kabla gundi haijakauka pima pembe kwa pembe, kona ya juu kushoto mpaka chini kulia, alafu upande mwingine. Zikilingana fremu iko mraba. Zikitofautiana sukuma ile kona ndefu mpaka zilingane, kaza, na usiiguse mpaka kesho.

Angalia nafasi ya sm 7 uliyoacha kati ya mbao za juu. Hiyo haikutokea kwa bahati, iko chini ya mm 75. Na kule chini, kati ya ubao wa sm 41 na ule wa sm 122 kuna uwazi wa sm 72, hiyo nayo ni sawa, Wamarekani wanasema kwenye kitanda cha chini uwazi wa kichwani uwe chini ya mm 89 au uzidi mm 230. Hatari ni ule wa katikati, unaoruhusu kiwiliwili na kukataa kichwa.

Mifumbati

Chukua mbili kwa mbili, ipake gundi na ifunge kwenye uso wa ndani wa mfumbati, chini kabisa, usawa wa makali. Skrubu za sm 7.5 kila sm 15, ukianza na tundu dogo. Hapa chaga zote zitakaa kwa hiyo usifanye ubahili wa skrubu wala gundi, huu ndo mzigo pekee kwenye kitanda kizima ambao skrubu zinasaidia kubeba.

Kuunganisha kufanyike chumbani kwenyewe. Kitanda kizima ni sm 201 kwa 110 na urefu sm 177, ukikiunganishia sebuleni au nje hakipiti mlangoni.

Simamisha fremu mbili, mtu mmoja ashike kila upande, ingizeni mifumbati ya chini kwenye nafasi zake kisha ya juu. Mfumbati unatakiwa uishie sawasawa na ubavu wa nguzo na uguse kitakizo. Ukikataa kuingia usiugonge kwa nyundo ya nguvu, utabandua vile vipande ulivyogundisha. Pitisha randa au msasa kidogo. Ukiwa umelegea, chomeka kibao chembamba kwa juu.

Sasa bolti. Kila kiungo kina mbili, moja sm 7 kutoka makali ya chini ya mfumbati na nyingine sm 11, zisikae kwenye mstari mmoja, ya chini iwe sm 3 kutoka mwisho na ya juu sm 6, maana zikifuatana kwenye nyuzi zilezile za mbao inapasuka. Toboa kwa mpango huu: kwanza biti ya mm 3 kutoka nje mpaka itokeze ndani, kupita mbao zote mbili zikiwa zimebanwa na klempu. Alafu ingia kwa ndani, pale biti ilipotokea, chimba na ile bapa ya mm 28 kina cha sm 1.2. Mwisho pitisha mm 10. Ukianza na mm 10 hutapata tena katikati ya kuchimbia na ile biti bapa itarukaruka. Hicho kishimo ndo nati na washa zinazama humo, zisitoboe godoro wala kukwaruza mtoto. Bolti ya mm 90 inaishia karibu sawa na uso wa mbao, ndo maana nimesema 90 na sio 100.

Kaza zote kidogo kidogo kwanza, weka pima maji, angalia nguzo ziko wima, kisha kaza kikweli. Ukikaza moja mpaka mwisho kabla zingine hazijaingia, za mwisho hazitaingia kabisa.

Vizuizi

Vya nyuma viwili vinaingia kwenye zile nafasi za juu kama mifumbati ilivyoingia, vimekaa nyuma ya ubao wa nje. Maana yake mtoto akisukuma kutoka ndani anasukuma kizuizi kwenye nguzo, hasukumi skrubu zitoke. Ukiona dabodeka ambalo vizuizi vimepigiliwa kwa nje, jaribu kukisukuma kwa mguu ukiwa umelala juu, utaelewa nasema nini. Funga kwa skrubu za sm 7.5 kutoka ndani, mbili kila mwisho, bila gundi.

Vya mbele ni vifupi, sm 148, sababu tunaacha mlango. Hapo ndo nguzo ya ngazi inaingia: isimamishe kwa nje ya mifumbati, ikigusa sakafu, makali yake yakiwa sm 35 kutoka nguzo ya mbele ya miguuni. Bolti mbili kwenye mfumbati wa juu na mbili wa chini, kwa utaratibu uleule wa kutoboa. Vizuizi vinapita nyuma yake na kuishia sawa na makali yake. Mlango wa sm 35 unatosha mtoto kupita na uko ndani ya kiasi kinachokubalika, Marekani mwisho ni sm 38. Usiuongeze eti ili mtu mzima apite kutandika, utatandika kwa kuinama.

Ngazi

Ngazi yenyewe haiongezi nguzo zingine, inatumia nguzo ya ngazi upande mmoja na nguzo ya kitanda upande wa pili. Imesimama wima, haichukui nafasi ya chumba, na haiwezi kuteleza wala kuchomolewa na mtoto akaikimbiza nyumba nzima.

Kanuni ni ileile. Kwenye uso wa nje wa nguzo zote mbili anzia sakafuni: kibao cha sm 23, juu yake kipandio cha sm 6, kibao cha sm 23, kipandio, mpaka vinne. Vipandio vinaangukia sm 29, 58, 87 na 116 na hatua ya mwisho ni mfumbati wenyewe kwenye sm 145. Kila hatua ni sm 29, zote sawa, na hili ni muhimu kuliko linavyoonekana maana mguu gizani unakumbuka umbali, hatua moja ikiwa fupi ndo inayomkwaza mtoto akishuka kwenda chooni. Uwazi kati ya kipandio na kipandio ni sm 23, ndo sababu nilisema vichanwe vibaki sm 6.

Vibao gundi na skrubu, vipandio skrubu za sm 7.5 tu, mbili kila mwisho, sababu ukigundisha hutaweza kufungua kitanda. Kuna kero moja ndogo: vichwa vya bolti za mfumbati wa chini vitagongana na kipandio cha kwanza na kibao cha pili. Vichimbe nyuma kidogo kwa patasi, na hicho kibao cha pili pande zote mbili usikipake gundi, utakihitaji kitoke siku ya kuhama. Makali ya juu ya vipandio yazungushe kwa randa na msasa mpaka yawe ya mviringo, vinginevyo vinaumiza nyayo na mtoto ataanza kuruka badala ya kushuka.

Chaga

13 kila kitanda. Pengo kati yao linakuja kama sm 6.2, kata kakibao ka upana huo ukatumie kupangia, usipime moja moja. Toboa kwanza kila mwisho, skrubu moja ya sm 4. Watu wengi huacha chaga zikiwa zimelazwa tu au wanazifunga kwa utepe. Kwa kitanda cha chini sawa, kwa cha juu hapana: mtoto wa chini akilala chali lazima ataanza kusukuma kwa miguu, wote wanafanya hivyo, na chaga ambayo haijafungwa inanyanyuka, inahama na kudondoka na godoro juu yake.

Msasa na rangi

Ni vizuri ukafanya msasa kabla ya kuunganisha, namba 80 alafu 120 kisha 180, na mwisho pitisha mkono mtupu kote ukitafuta vibanzi. Makali yote ambayo mtoto anashika yazungushe.

Rangi chagua ya maji, na iandikwe haina madini ya risasi. Kiwango ambacho nchi nyingi zinafuata ni risasi isizidi sehemu 90 kwa milioni. Rangi ya zamani iliyokaa stoo miaka usiipake kitanda cha mtoto, hujui ina nini. Ukipenda vanishi ya maji nayo ni sawa na inaonyesha mbao. Tabaka mbili nyembamba zinashinda moja nene, msasa mwepesi katikati. Zile nafasi za nguzo ambako mifumbati inaingia usipake rangi, zitakaza na baadae zitagandana. Subiri harufu iishe kabisa kabla watoto hawajalala.

Kukijaribu

Wewe mtu mzima ndo uanze. Kaa katikati ya kitanda cha juu, sogea kona zote nne, simama kwenye kila kipandio upande mmoja alafu mwingine. Kisha shuka, shika nguzo ya juu na utikise kwa nguvu kwa urefu na kwa upana. Kutikisika kidogo kwa urefu kupo kwenye kila dabodeka, ila ukisikia kiungo kinabofya kuna bolti haijakaza au mfumbati haujagusa kipande cha chini yake. Ingiza karatasi kati ya mfumbati na kipande cha nguzo kilicho chini yake, ikipita basi bolti ndo zinabeba mzigo: legeza, sukuma mfumbati ushuke ukae, kaza tena.

Alafu kifunge ukutani. Vyuma viwili vya pembe, vya umbo la L, kutoka mfumbati wa juu wa nyuma mpaka ukutani, kwa skrubu ndefu na plagi zake. Hii inaua mtikisiko wote na kitanda hakisogei kutengeneza lile pengo nililosema mwanzo. Kisikae chini ya dirisha.

Chora mstari kwenye nguzo ya juu kwa ndani kuonyesha godoro lisizidi hapo. Kwa muundo huu mimi naweka mwisho sm 15. Ndo sababu ya godoro jembamba: watu wanatengeneza kizuizi kirefu vizuri kabisa, baada ya mwaka wananunua godoro nene, na kizuizi kinageuka kuwa kitu cha mtoto kujikwaa akianguka.

Kamba, mikanda, mitandio na nyaya za chaji zisining'inie kwenye kitanda cha juu, mtoto anaweza kunaswa shingo akicheza. Weka taa ndogo ya usiku karibu na ngazi. Juu awe mmoja tu, wakitaka kucheza wote washuke.

Mwezi wa kwanza mbao zinajipanga, kwa hiyo ukiisha pita na spana namba 17 kwenye bolti zote, utashangaa nyingi zinakubali robo mzunguko. Baada ya hapo kila baada ya miezi mitatu minne inatosha. Kikianza kulia na bolti zimekaza, ni mbao zinasuguana, legeza kiungo hicho, sugua mshumaa kwenye nyuso zinazogusana kisha kaza tena.